Yah: Dramu ya mashine ya kufulia, na kicheko cha fundi wenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Naandika kwa adabu, na naomba mnisome kabla haijaniishia.

Mashine ni ile ya kilo 7, ya mlango wa mbele, na beringi inayoshika ekseli ya dramu yake imekufa. Risiti ya EFD na kadi ya waranti nimeviambatisha. Masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Beringi haimo kwenye orodha ya vitu ambavyo waranti yenu haivihusu, na hilo nalo mnalijua.

Niende moja kwa moja kwenye Jumanne. Fundi niliyeahidiwa saa tatu asubuhi aliingia saa nane mchana. Akafungua mlango wa mashine, akaisukuma dramu kwa kidole kimoja, ikanesa, akaniambia, "Mama, dramu lazima icheze." Nikamjibu najua lazima icheze. Nikamwomba aingize mkono, ashike ukingo wa juu wa dramu, ainue. Hakuingiza. Akatoa simu, akampigia mkubwa wake, akaweka spika: "Bosi, niko kwa mama mmoja huku anaogopa mashine kuchezacheza." Wakacheka, wote wawili. Mimi nimesimama palepale, nyumbani kwangu.

Kwa kuwa siku ile hakuna aliyenisikiliza, nisikilizeni leo. Pipa la nje limening'inizwa kwa springi kwa juu na kushikwa na shokapu kwa chini. Ukilisukuma linanesa, linarudi, nayo dramu iliyo ndani inakwenda nalo. Hapo sina neno. Bila mneso huo mashine ingetembea chumba kizima wakati wa kukamua. Lakini dramu ina ekseli yake, inayopita kwenye beringi mgongoni mwa pipa, na pale hapatakiwi kulegea. Ukiinua ukingo wa dramu, pipa likabaki palepale, mpira wa mlango usitikisike, halafu dramu ikapanda peke yake na kugonga ko, hiyo si springi. Yangu inapanda unene wa penseli. Hata umeme ukiwa umekatika, nikiizungusha kwa mkono inakwaruza kama imetiwa mchanga. Ikifika kwenye kukamua, mizunguko 1200 kwa dakika, inanguruma kama ndege, na sisi wa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, ndege tunazijua.

Msiniulize kuhusu bolti za usafirishaji. Zilitolewa siku ileile mashine ilipoletwa, zote nne, ninazo kwenye kopo la maziwa. Dada aliyepokea simu yangu ya kwanza aliniuliza hilo kwa heshima, na huyo namshukuru. Waliopokea ya pili na ya tatu waliniambia nisubiri, nikasubiri wiki tano. Sakafu nayo imepimwa kwa pimamaji na kaka yangu ambaye ni fundi mwashi. Haina kosa.

Nimesahau kusema kuhusu fomu. Kijana wenu aliandika "Hali ya kawaida", akanipa kalamu nisaini. Nikakataa. Jioni ikaingia meseji kutoka kwenu: asante kwa kuridhika na huduma yetu. Nani aliyeridhika? Nani alisaini?

Narudi kwenye Jumanne, maana haijanitoka. Sikuwaambia yote. Mama mkwe wangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Korogwe, alikuwa amekaa kwenye mkeka hatua tatu kutoka kwenye ile simu. Mkononi nilikuwa nimeshika shati jeupe la shule la mwanangu, lina doa la kutu lililochanganyika na grisi nyeusi, kwa sababu sili, ule mpira unaozuia maji, ikishakufa maji yanaingia kwenye beringi, na uchafu wa beringi unarudi kwenye nguo. Nikalikunjua mbele ya macho ya fundi wenu. Akasema, "Badilisha sabuni, mama." Ndipo akapiga ile simu. Na baada ya kucheka, yule bosi aliuliza kwa sauti iliyojaa chumba: "Kwani mzee wa nyumba hayupo?" Mama mkwe akainamisha macho. Mashine hiyo nilinunua kwa fedha yangu ya kikoba, shilingi 980,000, mume wangu hakutia hata mia. Na fundi wenu mkono ndani ya dramu hakuingiza. Dakika moja tu. Hata mkono usingelowa.

Nilipoanza barua hii nilitaka jambo moja, fundi mwingine aje ainue ule ukingo mbele yangu, kisha beringi na sili zibadilishwe. Nilikusudia kuwapa siku 14.

Sasa sitaki tena ukarabati. Nataka mashine mpya, au fedha yangu yote, pamoja na nauli ya kirikuu kilichoileta na malipo ya dobi kwa hizo wiki tano, risiti zake nimeziandika kwa mkono na dobi amesaini, yeye kweli. Nataka na ile fomu ifutwe kwenye kumbukumbu zenu, maana kesho mtaitumia kunikatalia. Siku ni 7, kuanzia mtakapogonga muhuri kwenye nakala yangu.

Zikipita, barua hii pamoja na video ya dramu ikipanda peke yake itakwenda Tume ya Ushindani, ambako Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inanipa mlango kama mlaji. Video hiyohiyo wanakikoba wenzangu 30 wameshaiona. Wanne kati yao walikuwa wanajiandaa kuja dukani kwenu mwezi ujao. Sijawakataza bado.

Jambo la mwisho si la fedha. Yule bosi aliyecheka anipigie mwenyewe, aombe radhi, jioni, mama mkwe akiwa ndani. Safari hii spika nitaweka mimi.

Wenu mteja,
Kipawa, Dar es Salaam