Mhariri, oili nzito siyo dawa ya kila injini ya mbio

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo gazetini kwako maana nimechoka kubishana gereji, huku angalau nitaongea mpaka mwisho bila mtu kunikatisha. Ishu yangu ni oili ya injini za mbio. Kila dereva anayeleta gari lake la mashindano ukimuuliza anaweka oili gani anakujibu kwa kujivuna, "mi naweka nzito kabisa fundi, hii injini naikanyaga sana", yaani kwake uzito ndio ulinzi, kama mtu anayejifunika mablanketi mawili akidhani ndio kapona homa.

Siyo hivyo jamani. Kranki haitakiwi kugusana na beringi zake, inaelea juu ya utando wa oili, na nafasi ya huo utando ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mafundi wengi tunaanzia kwenye elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo cha shingo ya kranki, kwa hiyo shingo ya inchi 2.5 unaiachia kama inchi 0.0025, milimita 0.06 hivi, unene wa unywele. Sasa mtu kafunga injini imebana hivyo halafu anaimiminia oili nzito ya 20W-60, itapita saa ngapi? Injini za Formula 1 zenyewe zimebana kiasi kwamba haziwashwi zikiwa baridi, zinapashwa moto kwanza. Kwa injini iliyofungwa kwa nafasi kubwa makusudi, labda ina turbo kubwa na joto lake siyo la mchezo, hapo 50 au 60 nakuelewa, lakini hiyo ni kwa sababu ya vipimo vyake.

Halafu geji inawadanganya. Mtu akiona presha imepanda baada ya kuweka nzito anashangilia, kumbe presha ni oili inavyogoma kupita, haikwambii ni kiasi gani kimepita. Ile kanuni ya zamani ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika bado inasaidia, injini ya mizunguko 7,000 ikikupa 70 ikiwa imeshapata moto, tulia. Ikipanda mno, valvu ya presha inafunguka na oili inarudi zake bila kufika kwenye beringi, na pampu nayo inakula nguvu ambayo ulikuwa unaitaka kwenye matairi. Na oili nzito inachelewa kushuka kutoka juu kwenye kichwa cha injini, ukikata kona ndefu sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ina oili kidogo, pampu inavuta hewa, hapo beringi inakauka kwa sekunde moja tu na sekunde moja inatosha.

Kuhusu namba za kwenye dumu nisiwachoshe. Ile yenye W ni habari ya baridi, ya pili ndiyo ya moto, ila hiyo ya pili inapimwa kwenye nyuzi 100 wakati ndani ya beringi za injini ya mbio joto linaweza kufika 150 au zaidi. Mimi nikishika karatasi ya vipimo naruka mpaka kwenye HTHS, kipimo cha nyuzi 150 oili ikiwa inasagwa. 10W-40 haitakiwi kushuka chini ya 3.5 (kizio ni mPa·s), na 50 chini ya 3.7, sasa hapo angalieni tofauti yenyewe ilivyo ndogo! Ndo maana 40 iliyotengenezwa vizuri inaweza kuishinda 50 ya hovyo iliyonenepeshwa kwa polima, zile polima zikisagwa mizunguko mingi zinakatika na oili yako ya 50 inakuwa nyepesi bila kukuaga.

Sasa niseme na aibu yangu. Kuna injini ya zamani ya silinda nane niliifunga mwenyewe, kamshafti mpya, tapeti bapa (zile zinazosugua kamu badala ya kubingirika juu yake), springi za valvu ngumu, halafu nikaimiminia oili ya kisasa ya gari la kawaida kwa sababu dumu lilikuwa zuri na bei ilikuwa imechangamka. Siku chache tu ikaanza kugonga tiki tiki upande mmoja, nikarekebisha valvu, ikagonga tena. Nikakata filta, nikaikunjua karatasi yake juani, inametameta kama mtu kamwagia unga wa fedha. Kufungua, pua moja ya kamu imelika mpaka imekuwa duara. Oili ile ilikuwa na zinki ndogo. Tangu 2004, kwenye daraja la ubora wa oili linaloitwa API SM, fosforasi ya oili nyepesi za kawaida iliwekewa kikomo cha asilimia 0.08 ili isiharibu kataliti ya kwenye eksozi, na fosforasi na zinki zinakaa pamoja kwenye dawa ileile ya kuzuia vyuma kulika. Kwa tapeti za rola hilo siyo tatizo sana, kwa bapa zenye springi ngumu ni kilio.

Mwenye pikipiki ya mbio aangalie alama ya JASO MA, klachi yake inaoga kwenye oili hiyohiyo, akiweka yenye dawa za kuteleza itateleza kweli. Anayetumia methanoli abadilishe mapema, ikianza kuwa na rangi ya maziwa ujue imeshaingia methanoli na maji. Na wale mnaoweka oili ya mbio kwenye gari la kwenda kazini kila siku, nyingi zina sabuni kidogo ya kusafisha uchafu, zimetengenezwa kumwagwa baada ya mashindano siyo kukaa miezi sita. Mafuta ya nyonyo? Yalifanya kazi kubwa kwenye injini za ndege za vita ya kwanza, jina Castrol lenyewe limetoka huko, ila yanaacha gundi, yaacheni kwa wanaofungua injini kila mara.

Kwa hiyo ombi langu kwako Mhariri, ukurasa wenu wa magari ukizungumzia oili msituwekee picha ya dumu, tuwekeeni ile karatasi ya vipimo. Na dereva anayekuja kwangu kuuliza oili ipi nzuri aje na kipimo cha beringi zake na joto la oili akimaliza mzunguko wa mwisho, hapo tutaelewana dakika tano.

Fundi wa injini, msomaji wako wa siku nyingi