Kadi Zangu Kumi na Moja za Salamu

Barabara ya 12,
Ngamiani,
Tanga.
12 Mei 2025

Kwa Meneja wa Vipindi.
(Jina la kituo chenu cha redio nimeliandika juu ya bahasha. Humu ndani nawasitiri.)

YAH: KUONDOLEWA KWA KIPINDI CHA SALAMU NA NYIMBO ZA ZAMANI

Ndugu Meneja,

Salaam. Mimi ni yule Mama Vitumbua wa Barabara ya 12. Kama umekaa hapo kituoni zaidi ya mwaka, jina hilo si geni kwako, maana mtangazaji wenu amelisoma Jumapili nyingi mno.

Nilibakiwa na kadi za salamu kumi na moja, zile za kujaza majina ya watu yakasomwe redioni, hazijaandikwa kitu. Nilinunua dazeni nzima mwezi wa Januari, shilingi 500 moja, dukani karibu na soko la Mgandini. Nikatuma moja, ikasomwa. Jumapili moja ya Februari nikafungua redio saa tisa alasiri kama kawaida, nikakuta vijana wawili wanapigiana kelele juu ya mikeka. Mkeka niujuao mimi ni wa ukindu, wa kulalia. Huu wao ni wa kubashiri mpira wa Ulaya, na mpaka leo ndio uliotandikwa pale palipokuwa na salamu zetu. Hakuna aliyetuaga. Hata mpangaji akihama humgongea jirani mlango akamwambia, mwenzio naondoka.

Nikaja mwenyewe kuuliza. Binti wa mapokezi ana adabu, sina neno naye. Alinipa kiti na maji, akasema, "Bibi, salamu siku hizi watu wanatumiana WhatsApp." Neno hilo nimerudi nalo nyumbani, nimelilalia siku tatu, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Sikiliza, mwanangu. Nina dada yangu Pangani. Tuligombana kwa ajili ya minazi ya marehemu baba, ikapita miaka miwili hatusemezani. Kwenye hiyo WhatsApp alikuwa ameshanibloku. Nikajaza kadi yenu, nikamtia mstari wa sita, katikati ya watu, asiwe wa kwanza wala wa mwisho. Jumapili ile alikuwa anangoja pantoni avuke kwenda Bweni, na redio ya muuza kahawa imefunguliwa mpaka mwisho. Likatajwa jina lake, na la mtaa wake. Pale kivukoni wote wakamgeukia. Angefanyaje? Salamu iliyosikiwa na wavuvi, wauza machungwa na abiria wote huwezi kusema haikukufikia. Jumatano basi la Pangani likaniletea kapu la samaki wa kukaanga, halina barua wala neno. Wiki iliyofuata akapiga simu. Sasa WhatsApp ingenisaidia nini? Ujumbe wa simu unamfikia mtu peke yake chumbani, akitaka anaufuta. Salamu zenu zilikuwa na mashahidi.

Na kazi yangu mmeivuruga. Vitumbua vya Jumatatu huanza Jumapili. Nikisikia mlio wa kipindi naloweka mchele, mkipiga wimbo wa kufunga, saa kumi na moja, nauchuja na kuupeleka mashine, halafu ndiyo nije kwenye tui, hamira na iliki. Tangu 2006 nimefanya hivyo bila kutazama saa. Siku hizi natazama ya ukutani, na ya ukutani haina Bi Shakila, mwimbaji wetu wa taarabu.

Hapo kwa Bi Shakila ndipo penye uchungu. Mtaniambia nyimbo zimechakaa. Lakini nyinyi ni redio ya Tanga! Kwenye taarabu, Unguja walikuwa na kundi kubwa, safu ya fidla na ala ya kanuni, wasikilizaji wametulia vitini. Black Star wa kwetu wakaja na wapigaji wachache, magitaa, besi, na mwendo unaomwinua mtu kitini. Lucky Star nao wakawa hapo hapo, wanashindana, na sisi ndio tuliokula matunda ya mashindano yao. Shakila alivuma akitokea humu humu. Alipofariki 2016 mlipiga nyimbo zake jioni nzima, mkasema sauti yake haitapotea. Imepotea Februari.

Na dansi je? Jamhuri Jazz, Atomic, Amboni Jazz, mji huu huu mmoja. Kati ya kadi na kadi mlikuwa mnatupigia wimbo wao mmoja, basi siku imekamilika. Mjukuu wangu nilipomtajia Atomic aliniuliza kama ni betri.

Kuna kijana wenu hununua vitumbua kwangu, simtaji asije akafukuzwa. Kanidokeza kwamba kanda na sidii za kipindi zimetiwa kwenye maboksi, ziko stoo, sakafuni. Sakafuni! Tanga hii, na hewa yake ya chumvi, na masika haya! Cheti changu cha ndoa kilishikwa na ukungu kikiwa ndani ya kabati. Ziinueni hata juu ya matofali, leo hii, kabla hamjaendelea kunisoma.

Najua redio haiendeshwi kwa dua. Wenye mikeka wanalipa kuliko sisi wa shilingi 500. Basi kama Jumapili mmeshaiuza, tupeni hata Jumanne saa nne usiku. Wazee hatulali mapema, tunajilaza tu. Na kama kipindi hakirudi tena, semeni hewani, kwa mdomo wa mtangazaji yule yule, atuage. Sisi ni watu wa Coastal Union, ubingwa wetu wa ligi ni wa 1988, kusubiri tunakujua. (Marehemu mume wangu alikuwa African Sports, hilo tuliache.) Lakini anayesubiri huambiwa anasubiri nini.

Fedha yangu, shilingi 5,500, siidai. Nataka kadi zisomwe. Nimeziambatanisha zote kumi na moja, zimejazwa kwa wino. Kumi ni za watu wangu, kuanzia Sahare mpaka Muheza, na dada yangu safari hii nimemweka mstari wa kwanza. Ya kumi na moja ni yenu: wewe Meneja, binti wa mapokezi, mtangazaji wetu popote mlipompeleka, na hao vijana wawili wa mikeka. Kwenye hiyo yenu, sehemu ya ujumbe nimeiacha wazi mpaka nipate majibu.

Wako,
Mama Vitumbua wa Barabara ya 12