Mwanangu, Fika Babeli Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kupitia kwa dada yako, pamoja na ule ujumbe uliomkataza asinionyeshe. Usimlaumu, alikaa nao mpaka ukamshinda. Kwamba likizo ikiisha hurudi chuoni. Kwamba uchungaji basi. Kwamba tangu utoto umelishwa hadithi ukidhani ni historia.

Sikuandikii ili nikukemee, ingawa na hilo litakuja huko mbele. Nina ombi moja, na utanivumilia nikilirudia: usimwandikie mkuu wa chuo neno lolote kabla masomo yenu ya historia ya Israeli hayajafika Babeli, kule Wayahudi walikopelekwa uhamishoni.

Najua mlipo sasa. Mko kwenye Kutoka na Yoshua, na mhadhiri wenu amewaambia kwamba wale wanaume 600,000 wa Israeli waliotoka Misri kwa miguu, bila kuhesabu watoto, hawakuacha alama ya kambi zao katika jangwa la Sinai. Ni kweli, watafiti wametafuta wasione. Nimefundisha historia mpaka nimestaafu, siwezi leo kukuambia kwamba kisichoonekana kimeonekana kwa kuwa tu wewe ni mtoto wangu. Amewaambia pia habari za Yeriko: kwamba mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba pale miaka ya 1950 akakuta mji uliokwisha kuharibiwa muda mrefu kabla ya wakati anaowekewa Yoshua. Hilo nalo sina ubishi nalo. Kisha akasema Waisraeli wa kwanza kwa sehemu kubwa walikuwa Wakanaani, na hapo wewe ukafunga daftari.

Umelifunga palipokuwa panaanza kunoga, baba.

Mwaka 1896 mwanaakiolojia Flinders Petrie alichimbua huko Thebes, Misri, jiwe refu la mfalme Merneptah, la mwaka 1208 KK hivi. Ni jiwe la kujisifia vita. Karibu na mwisho limetaja waliopigwa huko Kanaani: Ashkeloni, Gezeri, Yanoamu, halafu Israeli. Yale majina matatu ya kwanza waandishi wameyawekea alama ya mji, ila Israeli wameiwekea alama ya watu. Kwa hiyo mwaka huo walikuwapo tayari, wakijulikana mpaka kwa Farao, na hawakuwa mji wala ufalme. Farao anasema mbegu yao haipo tena. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kabisa jina lao kuonekana nje ya Biblia.

Sasa angalia walikoishi. Kuanzia 1200 KK hivi, ile milima ya katikati, kutoka Hebroni kupanda hadi Shekemu, inaanza kujaa vijiji vidogo mahali ambapo kabla ya hapo palikuwa karibu patupu. Vimehesabiwa zaidi ya 200. Hakuna jumba la mfalme wala ukuta wa mji. Vyungu havina nakshi, na mitungi mikubwa ya kuhifadhia chakula ina pete ya udongo shingoni. Walichonga mashimo mwambani ya kukinga maji ya mvua, wakajenga matuta ya mawe ili udongo usiteremke. Mifugo ililala ndani pamoja na watu, kama ilivyokuwa kwenye msonge wa babu yake baba yako. Na mifupa ya nguruwe karibu haionekani kabisa, wakati kwenye miji ya Wafilisti kule pwani ipo tele. Hao ndio watu wako wa Agano la Kale: wakulima wa mlimani, maskini, ambao chakula chao tayari kinawatenga na jirani.

Vyungu vyao vinafanana na vya Kanaani, na lugha yao pia. Ndiyo maana wataalamu wengi wanaona walitoka humohumo nchini, na wapo wanaosema kikundi kidogo kilichotoka Misri kilijiunga nao kikaja na habari za utumwa, habari ambazo baadaye zikawa za wote. Umeumia kusikia hivyo. Lakini fungua Ezekieli 16:3. Nabii anauambia Yerusalemu wazi kwamba asili yake ni nchi ya Kanaani, baba Mwamori na mama Mhiti. Fungua na Waamuzi sura ya 1, uone orodha ya watu ambao Israeli haikuwafukuza ikabaki ikiishi nao. Hayo yamo ndani ya Biblia uliyopewa siku ya kipaimara. Mhadhiri wenu hakuyatoa mfukoni.

Mambo ya Ashera ndiyo yaliyokukasirisha zaidi, dada yako ameniambia. Miaka ya 1975 na 1976, mahali paitwapo Kuntillet Ajrud, jangwani kaskazini-mashariki mwa Sinai, palichimbuliwa mitungi ya karibu 800 KK yenye maandishi ya baraka kwa jina la Yahweh wa Samaria na Ashera wake. Umeshtuka kwamba walimwabudu Mungu wetu na mungu mke pembeni. Mfalme Yosia wa Yuda hakushtuka, aliikuta sanamu ya huyo Ashera ndani ya hekalu lenyewe akaitoa akaichoma penye kijito cha Kidroni. 2 Wafalme 23:6. Nani aliyeandika hayo? Walewale ambao sasa unasema walitudanganya. Taifa gani lingine la zama zile liliandika kwamba babu zake walikuwa watumwa, wafalme wake wengi walikuwa waovu, na hekalu lake lilikuwa na sanamu? Waliokuficha si wao. Lile swali lako, Kaini alimpata wapi mke, halikustahili jibu ulilopewa, na aliyekupa alilijua hilo hata siku ile.

Habari za wafalme sitakuchosha nazo, utazipita muhula ujao, na huko utapata mawe ya kutosha kukutuliza. Ahabu anatajwa na Shalmanesa wa Ashuru kwenye vita vya mwaka 853 KK. Nyumba ya Daudi imo kwenye jiwe la Kiaramu lililopatikana Tel Dan mwaka 1993. Sargoni, naye mfalme wa Ashuru, anajisifu kuwahamisha watu 27,290 kutoka Samaria, na Senakeribu mwanawe, mwaka 701 KK, anasema alimfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, mjini Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Hasemi kwamba aliuteka mji.

Ila kuna jiwe moja nataka ukae nalo, la Mesha mfalme wa Moabu, lililoonekana Dhiban mwaka 1868. Mesha anasema Israeli iliitesa Moabu kwa sababu Kemoshi, mungu wake, alikuwa ameikasirikia nchi yake. Si ndivyo wasemavyo manabii wetu? Kwamba adui ametushinda kwa kuwa Mungu amekasirika? Kumbe wote walisema hivyo. Tofauti haiko hapo, na hiyo ndiyo sababu nakusihi ufike Babeli. Moabu ilipokwisha, Kemoshi alikwisha nayo, leo hakuna anayemwomba. Ufalme wa Yuda nao ulikwisha. Mwaka 597 KK Nebukadreza wa Babeli alimchukua mateka mfalme wao kijana Yehoyakini, na mwaka 586 hekalu likateketea. Hakukuwa na mfalme, mahali pa sadaka, wala nchi. Kwa kanuni ya zama zile, Mungu wao naye alipaswa kusahaulika.

Wakafanyaje? Yeremia aliwapelekea barua, iko sura ya 29. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto wao, na wauombee mji uliowateka. Wengi walifanya hivyo hasa. Yamepatikana mabamba ya udongo ya huko Babeli, mengine ya mgao wa mafuta kwa Yehoyakini na wanawe, na mengine ya wakulima wa kawaida katika kijiji kilichobeba jina la Yuda, yenye kodi zao, madeni yao na majina ya watoto wao yenye jina la Mungu ndani yake. Kizazi baada ya kizazi wanawaita watoto kwa jina la Mungu ambaye nyumba yake imeteketea! Soma hapo polepole, mwanangu.

Na huko walianza kukusanya vile vitabu, kuvipanga na kuviandika upya. Koreshi wa Uajemi alipoutwaa Babeli mwaka 539 KK waliotaka waliruhusiwa kurudi, na wengi hawakurudi. Hekalu la pili likamalizika karibu 515 KK. Kisha kwenye Nehemia 8 unamkuta Ezra amesimama juu ya jukwaa la mbao, anasoma Torati tangu alfajiri hadi adhuhuri mbele ya wanaume kwa wanawake, na Walawi wanaeleza maana mpaka watu wanaelewa wanalia. Kwangu mimi dini ya Kiyahudi ilizaliwa pale, mbele ya wanawake waliosimama nusu siku kusikiliza. Ndiyo maana Warumi walipolichoma hekalu tena mwaka 70 BK, walimu waliweza kukaa mji wa Yavne wakaendelea, na kufikia mwaka 200 hivi Mishna, kitabu cha mafundisho yao ya sheria, ikawa imekusanywa.

Hapo pana jambo ninalotaka ulirekebishe ukiwa mchungaji. Narudia, ukiwa mchungaji. Kanisani tunawazungumzia Wayahudi kana kwamba waliishia Malaki, kisha tunaruka hadi taarifa ya habari. Hatujui walichosoma, walivyoomba wala walivyoteswa na Wakristo wenzetu kwa karne nyingi. Jirani zetu Abayudaya wa Mbale, Uganda, Waafrika wanaoshika dini ya Kiyahudi na kusoma Torati tangu siku za Semei Kakungulu mwaka 1919, hatuwajui kabisa. Nani atatufundisha kama waliosoma wanaondoka na hasira zao?

Sasa nakuja kwa bibi yako. Ulimwambia kwenye simu kwamba Musa hakuwapo. Hilo chuoni hukufundishwa. Mlifundishwa kwamba ushahidi wa safari kubwa vile haujapatikana, hayo mengine uliongeza mwenyewe, na ukamwongezea mwanamke mwenye umri ule. Hajalala vizuri tangu hapo. Ananiuliza kama Musa wamemfuta kwenye Biblia mpya. Utampigia, utamwamkia vizuri, na utamweleza kile unachokijua na mahali unapokijua kinaishia. Mtu anayesoma Kiebrania, wa kwanza katika ukoo huu, asishindwe kuzungumza na bibi yake kwa Kiswahili.

Ukishampigia, mwambie pia habari hii, ataipenda. Mwaka 1979 mwanaakiolojia Gabriel Barkay alikuwa anachimba makaburi ya mwambani Ketef Hinnom, kando ya Yerusalemu, akapata vibamba viwili vya fedha vilivyosokotwa vidogo, vya kuvaa. Ilichukua miaka kuvikunjua visivunjike. Ndani yameandikwa maneno ya Hesabu 6, Bwana akubarikie na kukulinda. Ni vya karibu 600 KK, hekalu la kwanza bado limesimama, na ndiyo maandishi ya kale kuliko yote yaliyopatikana hadi leo yenye maneno yaliyomo katika Biblia. Mtu fulani aliyavaa mwilini akazikwa nayo. Bibi hukuombea hayohayo kila jioni. Usimwambie hana historia.

Nikuulize, ukiacha utafanya nini? Dada yako anasema unataka kwenda Dar kufanya biashara na yule rafiki yako. Biashara si aibu, sisi sote tumekula kwa biashara. Lakini uamuzi uliofanywa kwa hasira siuamini, uwe wa kuacha au wa kubaki. Fika Babeli, soma Ezekieli na sehemu ya pili ya Isaya, maliza Nehemia. Baada ya hapo ukisema huwezi kusimama madhabahuni na moyo mnyofu, utaniambia mimi mwenyewe, si kupitia kwa dada yako, nami nitakusikiliza. Baba yako pia, ingawa hajasema kitu. Amekuwa akilima tu tangu aliposikia.

Ada ya muhula ujao nimeshalipa baada ya kuuza kahawa, risiti iko kwa dada yako. Silipi ili nikushike, nalipa kwa kuwa muda wa kulipa umefika. Ng'ombe amezaa dume, maziwa yanatosha na majirani tunawapa. Zamu yetu ya mfereji imehamishiwa usiku, na baba yako na kikohozi kile hapaswi kushinda kwenye baridi, kwa hiyo ukija Desemba zamu ni yako. Paa la jiko linavuja upande wa migomba, fundi ametaja bei nisiyoielewa, nimemwambia asubiri uje upime wewe. Njiani pitia mjini uchukue betri za redio ya bibi, zile kubwa, na mbegu za maharage kilo mbili. Za mwaka jana ziliingia wadudu, kwa hiyo zifungue uzitazame kabla hujalipa.

Mama yako