Magoti ya wachezaji wetu yalindwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie majeraha ya goti katika soka la wanawake. Dodoma imewahi kuwa na Baobab Queens na Fountain Gate Princess katika Ligi Kuu ya Wanawake, na kila msimu mjadala huishia kwenye usajili na mabao. Goti hatulitaji. Ilhali wanawake huchanika kano ya mbele ya goti mara nyingi kuliko wanaume, na aliyefanyiwa upasuaji hukaa nje miezi tisa au zaidi. Msimu wake ndiyo basi!

Mara nyingi kano hiyo hukatika bila hata kuguswa na mpinzani: mchezaji anaruka kupiga kichwa, anatua, goti linaingia ndani. Mazoezi ya FIFA 11+, yaani ya kupasha mwili joto kabla ya kucheza, yanafundisha kutua vizuri: dakika 8 za kukimbia, 10 za nguvu na usawa wa mwili, 2 za kukimbia kwa kasi. Hayahitaji vifaa vya gharama. Katika zoezi mojawapo mchezaji hupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo vya miguu, naye akainamia mbele taratibu mwili ukiwa umenyooka. Anayeanza afanye mara 3 hadi 5. Kocha asimame pembeni akague magoti, maana zoezi likifanywa ovyo halimlindi mtu.

Nashauri chama cha soka cha mkoa kiwafundishe makocha wote wa timu za wasichana, shule zikiwamo, kabla ya msimu, na mazoezi haya yafanywe angalau mara mbili kwa wiki. Kuanzia Mei viwanja vyetu vya udongo hukauka na kuwa vigumu, kwa hiyo vimwagiliwe jioni ya kuamkia mechi.

Mdau wa soka la wanawake,
Dodoma