Barua ya Malalamiko: Dola Imeshuka, Kifurushi Hakijashuka

Arua, Januari 2026

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Televisheni ya Kulipia,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: BEI YA KIFURUSHI NA KUHAMISHWA KWA CHANELI YA TAMTHILIA ZA KISWAHILI

Mimi nauza vitenge vya jumla hapa Arua. Wateja wangu wengine huvuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, na mzigo wangu naununua kwa dola. Kwa hiyo habari za dola sihitaji kusimuliwa. Nikifungua duka asubuhi, jambo la kwanza kuulizana na majirani ni dola imeamkaje.

Mapema mwaka 2024 mlinitumia ujumbe kwamba kifurushi changu kinapanda kutoka shilingi 45,000 hadi 52,000 kwa sababu ya dola. Nililipa bila kunung'unika, maana dola ilikuwa imepanda kweli. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa karibu shilingi 3,800, na miezi michache baadaye ikapita 3,900. Hata Benki Kuu ya Uganda ilishtuka, na mwezi wa Machi ikapandisha riba yake kutoka asilimia 9.5 hadi 10. Lakini Meneja, chukua kalamu. Kupanda huko kwa dola hakufiki asilimia 5. Kifurushi kilipanda kwa zaidi ya asilimia 15. Hiyo nyingine ilitoka wapi? Msiniambie ni kodi, kwa sababu VAT ya asilimia 18 tulikuwa tukiilipa kabla, na bado ni ile ile.

Haya, hayo yamepita. Kilichonifanya niandike ni kwamba dola imeteremka. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa chini ya shilingi 3,700, yaani chini kuliko pale ilipokuwa kabla hamjapandisha. Wateja wangu wa hapa mjini walinijia wenyewe: mama, dola imeshuka, punguza. Nikapunguza. Sikupenda, lakini jirani yangu alikuwa amekwisha kupunguza, na mteja wa vitenge akikasirika anahama kwa hatua tatu tu. Mteja wenu hawezi hivyo. Amenunua dekoda, amenunua dishi, amemlipa fundi wa kupanda paa, na vyote hivyo havifanyi kazi kwa kampuni nyingine. Nafikiri mnalijua hilo vizuri, ndiyo maana bei yenu inasikia dola ikipanda tu.

Nilipopiga simu, kijana wenu mmoja, mwenye adabu nzuri kabisa, alinieleza kuwa haki za kuonyesha mpira zinanunuliwa kwa fedha za kigeni, kwa mikataba ya misimu kadhaa kwa mkupuo, kwa hiyo bei haiwezi kufuata dola kila inapocheza. Ni hoja ya maana. Mimi pia nikisha kununua mzigo kwa bei ya juu siwezi kuutupa. Ila kama mkataba ndio unaowafunga, mbona dola ilipopanda hamkungoja msimu umalizike? Mlipandisha katikati ya ligi. Mkataba uleule uliowaruhusu kupandisha haraka ungewaruhusu kushusha haraka.

Halafu kuna jambo la chaneli. Ile ya tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili mmeiondoa kwenye kifurushi changu na kuipeleka kwenye kile kikubwa, bila hata ujumbe. Usiku mmoja tuliwasha, tukakuta maandishi yanatutaka tuongeze pesa. Mama mkwe wangu anajua Kilugbara, Kiswahili na Kilingala. Kiingereza hana. Filamu zinazotafsiriwa na ma-VJ, wale wasimulizi wanaotia sauti zao juu ya filamu za kigeni, ni za Kiganda, na ma-VJ nawaheshimu sana, ni wasanii, lakini Kiganda chao hakimfikii. Hiyo chaneli ndiyo iliyokuwa yake. Huku kwetu West Nile hayuko peke yake: Kiswahili ndicho tunachouzia na kununulia sokoni, na tangu mwaka 2005 Katiba inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Kwenu kimekuwa anasa ya wenye kifurushi cha juu.

Na katika hicho kifurushi cha juu kimejaa nini? Mpira juu ya mpira. Sina ugomvi na mpira, mume wangu anaupenda. Lakini ninyi mnanilazimisha kununua ligi nzima ya Uingereza ili bibi mmoja aone tamthilia yake. Najua mtajibu kwamba kuuza kwa fungu kunawafaa wote, kwamba mwenye mpira anambeba mwenye tamthilia na mwenye tamthilia anambeba mwenye mpira. Labda ni kweli Kampala. Nyumbani kwangu mwenye tamthilia ndiye anayebeba, na mzigo ni wa upande mmoja.

Tena tamthilia yenyewe ni bidhaa mnayoivuta sana. Kule Uturuki sehemu moja huenda saa mbili na zaidi. Ikisafirishwa nje hukatwa vipande vya kama dakika 45, na hilo ni la wauzaji, siwalaumu ninyi. Lakini marudio ya asubuhi, ya mchana na ya Jumamosi ni yenu, na mnayahesabu kama vipindi vipya kwenye matangazo yenu ya biashara.

Jueni pia kwamba vijana wanaojaza filamu kwenye flashi wako mita chache kutoka dukani kwangu, na foleni yao imerefuka tangu mwaka jana. Mkiwaita wezi siwapingi. Lakini wateja wao wengi walikuwa wenu.

Naomba mambo mawili. Chaneli ya Kiswahili irudi kwenye kifurushi cha shilingi 52,000, au iuzwe peke yake kwa anayeitaka. Na bei ya kifurushi irudi 45,000. Kama haiwezi kurudi, nielezwe kwa maandishi kwa nini dola ya 2024 ilikuwa sababu na dola ya sasa si sababu. Majibu ya simu sitayapokea tena, kwa kuwa kila anayepokea huanza upya kuniuliza namba ya dekoda.

Malipo yangu yanakwisha mwisho wa mwezi huu na sitayaongeza kabla ya kupata jibu. Nakala ya barua hii naipeleka Tume ya Mawasiliano ya Uganda, pamoja na ule ujumbe wenu wa 2024, ambao bado ninao kwenye simu.

Wenu,
Mteja, muuza vitenge,
Arua.