Mastaz ya fasihi ya Kiingereza isimfungie nje Muyaka

Kwa Mhariri,

Nafundisha Kiingereza sekondari huu mwaka wa tisa, na mwaka jana nikaamua kuomba mastaz ya fasihi. Masharti niliyajua mapema, vyuo vyetu vingi vinataka digrii ya sekondi apa, yaani daraja la pili la juu, ukiwa na sekondi loa, la pili la chini, wanakuangalia umefanya kazi miaka mingapi, halafu transkripti ya matokeo, marefarii wa kukupendekeza na maelezo mafupi ya utafiti. Sina ubishi na hayo, nilikuwa nayo yote.

Kilichonikwamisha ni hayo maelezo. Nilitaka kuwalinganisha washairi wawili, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Mwingereza William Wordsworth. Hawa waliishi wakati mmoja, Muyaka kafariki Mombasa 1840, Wordsworth kwao Uingereza 1850, na kilichonivutia zaidi ni kwamba Wordsworth mwaka 1800 alitetea ushairi utungwe kwa lugha wanayoongea watu wa kawaida, na Muyaka naye huku kwetu ndiye anayesifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini akauleta sokoni, akatunga juu ya vita vya Mombasa na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mapenzi, njaa, ugomvi wa mtaani. Jamani hapo si kuna kazi ya miaka miwili?

Idara ya fasihi wakaniambia nusu ni Kiswahili, nenda kwa wenzetu wa idara ya Kiswahili. Nikaenda. Wenzao wakasema nusu ni Kiingereza, rudi ulikotoka. Nilitoka pale karibu nilie.

Mwaka 1968 wasomi watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika pale chuo kikuu Nairobi kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati. Jina la idara likabadilika kweli, ila mlangoni bado tunatenganishwa kwa lugha. Marekani ziko idara za Kiingereza ambazo mwanafunzi wa mastaz lazima aonyeshe anaweza kusoma lugha nyingine, anapewa matini atafsiri na kamusi mkononi. Sisi tunaijua hiyo lugha nyingine tangu utotoni na ndiyo inatukosesha nafasi!

Naomba wakuu wa idara waweke sharti hilo hapa, anayeomba fasihi ya Kiingereza aonyeshe anasoma vizuri Kiswahili au lugha nyingine ya Kiafrika, na wakubali wasimamizi wawili, mmoja kila idara. Maelezo yangu bado ninayo, nitaomba tena Septemba.

Mwalimu, Mombasa