Mzee wa Maksai wa Puyallup

Tacoma, Washington

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku mvua haikatiki, ila tu wazima. Nifikishie shikamoo kwa Babu. Yeye ndiye aliyenifanya nikae nikuandikie barua hasa, si ujumbe wa simu.

Juzi nilikwenda Puyallup, mji jirani na hapa, kuona nyumba ya mzee mmoja wa zamani, Ezra Meeker. Mwaka 1852, akiwa na miaka 21, aliondoka Iowa na mkewe Eliza Jane na kichanga chao, wakaifuata njia ya walowezi iitwayo Oregon Trail. Ni kama kilomita 3,200 kwa mwendo wa maksai, na mwaka ule kipindupindu kilizika watu wengi njiani. Wao walifika salama. Wazazi wake walipofuata mwaka 1854, mama yake akafia njiani, na ndugu yake Clark akazama mtoni.

Baadaye alitajirika kwa kilimo cha hopsi, yale maua ya kutengenezea bia, kisha vidukari vikaingia mashambani na mali ikaondoka. Tuyaache hayo.

Januari 1906, mzee wa miaka 75, alifunga maksai wawili, Twist na Dave, kwenye gari la turubai, akairudia njia ile kuelekea mashariki. Watu walimkataza, hakusikia. Aliona njia inalimwa, inazibwa kwa nyua, na walioipita wanaisha mmoja mmoja. Kila mji aliofika aliomba watu wasimike jiwe la kumbukumbu. Kule Boise watoto wa shule walichanga senti zao. Twist alimfia Nebraska, akatafuta maksai mwingine, Dandy, akasonga mbele. Mwishoni mwa 1907 alikuwa Washington, D.C., mji mkuu wa Marekani, na Rais Theodore Roosevelt akatoka nje kuwatazama wale maksai! Mwaka 1924, ana miaka 93, akapanda ndege ya jeshi kwenda mashariki tena. Alifariki Desemba 1928, zimebaki wiki chache atimize 98.

Lakini kilichonifanya nimheshimu ni kingine. Mwaka 1856 alikuwa mmoja wa raia 12 waliokaa kusikiliza kesi ya Leschi, mkuu wa Wanisqually, kabila la wenyeji wa huku, aliyeshtakiwa kwa mauaji wakati wa vita vya wenyeji na walowezi. Meeker na mwenzake mmoja walikataa kabisa kumtia hatiani, kesi ikakwama. Ikarudiwa mbele ya wengine, na mwaka 1858 Leschi akanyongwa. Karibu nusu karne baadaye Meeker akaandika kitabu kumtetea, akasema wazi kwamba mkataba uliochukua ardhi ya Wanisqually ulikuwa wa dhuluma. Mwaka 2004 mahakama ya kihistoria ikamsafisha Leschi. Fikiria, mtu aliyesimika mawe ya kuwakumbuka walowezi ndiye huyo huyo hakukubali kuficha walichowatenda wenyeji. Kwangu hapo ndipo uanahistoria wake ulipo.

Kabla ya kurudi nilipita kwenye bustani ya mjini, mahali kilipokuwa kibanda chao cha magogo. Magogo hayapo tena. Kuna nguzo tu, na mmea wa kutambaa alioupanda Eliza Jane bado umezikumbatia. Nilishika jani moja, limelowa, gumu kama ngozi.

Hapo nikamkumbuka Babu. Unakumbuka alivyotupitisha kwenye ile miembe ya Kwihara tukiwa wadogo, akituonyesha misafara ya pembe ilikopita kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji? Alituonyesha na kisima walichochotea maji wapagazi, akatuambia na jina lake. Mimi nimelisahau, shoga. Nimejaribu usiku kucha, wapi!

Nakuomba, ukienda kwake, washa simu umrekodi. Usimkatize hata akizunguka. Muulize kisima, muulize na makaburi yaliyo pembezoni mwa njia. Kama miguu yake inaruhusu, mpandishe bodaboda mwende naye, akuonyeshe kwa kidole.

Ukilipata jina la kisima, nitumie siku hiyo hiyo.

Wako akupendaye.